Herrmann Blumgart na Mwendo wa Damu: Mwanzo wa Utabibu wa Nyuklia

Katika zoezi la tafsiri tulilowapa wanafunzi wetu wa kidato cha tano, hapa Uganda, mmoja wao alikutana na jina la fani ya udaktari inayotumia vitu nururifu kuuchunguza mwili. Akaandika "dawa ya nyuklia". Darasa zima likacheka, na aliyekaa nyuma akauliza kama dawa hiyo humezwa au hulipuka. Kosa lilikuwa dogo, na asili yake yaeleweka: Kiingereza hutumia neno moja kwa kidonge kinachomezwa na kwa elimu nzima ya kutibu, ilhali Kiswahili kina dawa, tiba, utabibu na uganga, na kila neno lina mahali pake. Tulisahihisha kwa kalamu nyekundu tukaandika "tiba ya nyuklia". Ndipo mwanafunzi yule yule akatuuliza, "Mwalimu, hiyo tiba humtibu nani, na kwa namna gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulipokwenda kusoma tuligundua kwamba hata sahihisho letu lilikuwa na walakini, kwa sababu kazi kubwa ya fani hii si kuponya bali ni kutambua ugonjwa. Tangu hapo twasema "utabibu wa nyuklia". Aidha, tuligundua kwamba fani hiyo, ambayo jina lake huwatisha watu kwa kuwakumbusha mabomu, ilianza takriban miaka 20 kabla ya bomu lo lote la nyuklia kutengenezwa, tena ilianza kwa swali la kawaida kabisa: damu huchukua muda gani kusafiri kutoka mkono mmoja hadi mwingine? Aliyeuliza swali hilo alikuwa daktari wa Boston, Marekani, aitwaye Herrmann Blumgart. Makala haya yanaeleza habari za kazi yake.

Yafaa kwanza tueleze wazo lenyewe. Kitu nururifu ni kile ambacho viini vya atomu zake huvunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Mionzi hiyo haionekani kwa macho, lakini chombo kinachofaa huweza kuitambua hata kitu chenyewe kikiwa kidogo mno. Kwa hiyo ukikichanganya kitu hicho na kingine kinachosafiri, waweza kuifuata safari yake kutoka nje, kama mtu anayemfuata ng'ombe wake gizani kwa mlio wa njuga. Wa kwanza kulitumia wazo hili katika kiumbe hai alikuwa mkemia Mhungari, George de Hevesy, ambaye mwaka 1923 alieleza jinsi mmea wa maharagwe unavyofyonza madini ya risasi kutoka majini. (Twasema risasi kwa maana ya madini, wala si ile ya bunduki.) Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. Lakini toka maharagwe hadi binadamu ni mbali, na aliyevuka umbali huo ni Blumgart.

Blumgart alizaliwa mwaka 1895 mjini Newark, katika jimbo la New Jersey, na alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1921. Mapema alionyesha tabia ya kutafuta njia nyepesi pale ambapo wengine walikwisha kuridhika na ngumu. Mwaka 1922 aliandika habari za mgonjwa mwenye maradhi ya kukojoa mno, si yale ya sukari, bali yale yanayotokana na upungufu wa kichochezi cha tezi iliyo chini ya ubongo. Dawa ya maradhi hayo ilitolewa kwa sindano, na Blumgart alionyesha kwamba ikipakwa puani hufanya kazi pia. Baadaye alijiunga na maabara ya Thorndike, katika hospitali ya mji wa Boston, iliyokuwa ikiongozwa na Francis Peabody. Peabody anakumbukwa hata leo kwa mhadhara wake juu ya kumjali mgonjwa, na mkubwa huyo wa kazi tutamrudia mbele.

Kwamba damu huzunguka mwilini lilikuwa jambo lililojulikana tangu mwaka 1628, William Harvey alipotoa kitabu chake. Lakini kasi ya mzunguko huo haikuwa rahisi kupimika. Katika karne ya 19, Mjerumani aitwaye Hering alidunga chumvi ya kikemikali katika mshipa wa upande mmoja wa shingo ya farasi, akawa anachota damu upande wa pili hadi chumvi ilipotokea. Njia hiyo yafaa kwa farasi mzima. Kwa binadamu aliyelala kitandani akihema kwa taabu, huwezi kumtoa damu kila baada ya nukta chache, na hata ukithubutu, hofu na maumivu vitaubadilisha mwendo wa moyo, nawe utakuwa unapima hofu.

Kabla ya kushika sindano, Blumgart alijiwekea masharti, na kwetu sisi walimu hapa ndipo palipo utamu wa habari hii. Alisema kwamba kitu kitakachotumiwa kisiwe na sumu kwa kiasi kinachodungwa, na kisiwe tayari mwilini, maana kingekuwemo, usingejua ni kipi chako na ni kipi cha mwili. Kiwe kinatambulika hata kikiwa kidogo sana. Kitoweke upesi, ili kipimo kiweze kurudiwa kwa mgonjwa yule yule. Tena chombo cha kukitambua kitoe jibu bila kutegemea maoni ya mtu, wala kuhitaji kumchubua mgonjwa upande wa pili. Tukiyatazama masharti hayo leo, karibu yote yangali yakitumiwa na wanaochagua vitu vya kudunga katika uchunguzi wa moyo. Mtu aliyaandika kabla fani haijapata hata jina.

Kitu alichokichagua kilitokana na radoni, gesi inayotolewa na radiamu. Radiamu ilikuwa ikitumika wakati ule kutibu saratani, kwa hiyo gesi yake haikuwa ngeni kwa madaktari. Radoni ikivunjika huzaa vitu vingine mfululizo, na kimojawapo kiliitwa Radiamu C. Kila baada ya dakika 20 hivi nusu ya Radiamu C huwa imekwisha kuvunjika, na baada ya saa chache haibaki cha kuhesabiwa. Sharti la kutoweka upesi likawa limetimizwa.

Kilichosumbua ni chombo. Vipimo vya mionzi vilivyokuwapo miaka ile vilikuwa vizito au vya kubahatisha, na kile ambacho kingekuja kuwa maarufu, cha Geiger na Müller, kilikuwa bado hakijatolewa. Blumgart, akisaidiana na mwanafunzi wa udaktari Otto Yens, aligeukia sanduku la ukungu la Mskoti Wilson. Habari za sanduku hilo zapendeza. Mwaka 1894 Wilson alikaa majuma mawili katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu ya mlima Ben Nevis, akavutiwa na mawingu na mwanga wa jua juu yake, akaamua kutengeneza mawingu ndani ya chombo. Miaka ikapita akagundua kwamba chembe za mionzi zikipita katika hewa yenye unyevu mwingi huacha nyuma yake mistari ya matone madogo, mfano wa nyayo mchangani. Fizikia ikapata jicho jipya, na Wilson akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Blumgart na Yens walilitengeneza upya sanduku hilo wakaliweka kitandani pa mgonjwa.

Mwaka 1925 majaribio yakaanza. Maji ya chumvi yenye Radiamu C yalidungwa katika mshipa wa mkono mmoja. Mkono wa pili uliwekwa karibu na sanduku, na madini ya risasi yakatumika kama ngao ili mionzi ya sehemu nyingine za mwili isije ikaingia na kudanganya. Mtazamaji akawa anachungulia na saa inakwenda. Mara mistari ya ukungu ikaongezeka ghafla: damu imefika! Imepanda mkono, imeingia upande wa kulia wa moyo, imepita mapafuni, imerudi upande wa kushoto, ikasukumwa hadi mkono wa pili. Taarifa kamili zilichapishwa mwaka 1927, ya kwanza akiwa na Yens, na zilizofuata akiwa na daktari Soma Weiss. Kwa watu wazima wasio na ugonjwa, safari hiyo yote ilichukua sekunde 18 hivi kwa wastani. Tulipowasomea wanafunzi wetu tarakimu hiyo walinyamaza, kisha wakaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Nambari hiyo peke yake isingekuwa na faida kubwa. Faida ilitokea Blumgart alipowapima wagonjwa. Moyo ulioshindwa kusukuma huichelewesha damu, na aghalabu ucheleweshaji huo huongezeka kadiri ugonjwa unavyozidi. Mtu mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, damu yake hukimbia. Yule ambaye tezi hiyo imezembea, damu yake hujikokota. Madaktari wakapata namna ya kutofautisha kati ya mgonjwa anayehema kwa sababu ya moyo na yule anayehema kwa sababu ya mapafu, jambo ambalo kwa macho tu si rahisi.

Hata hivyo, hospitali nyingi hazikuwa na radoni wala sanduku la ukungu. Katika miaka ya 1930 zikazuka njia nyepesi: mgonjwa hudungwa mkononi kitu chenye ladha kali, kitamu kama sakarini au kichungu kilichotokana na nyongo, na daktari hutazama saa mpaka mgonjwa aseme "Tamu!" au "Chungu!" Sisi wapenda lugha tumeipenda sana njia hii, kwa kuwa chombo chake cha kupimia ni ulimi wa mgonjwa, kwa maana zote mbili za neno hilo. Lakini Blumgart alikwisha kuuona udhaifu wake mapema. Mgonjwa mzito wa kusikia, au aliyelegea kwa homa, au asiyekuwa na lugha moja na daktari, atachelewa kutamka, na kuchelewa kwake kutaandikwa kama kuchelewa kwa damu.

Yako mambo katika habari hii ambayo hatupendi kuyapita kimya. Hospitali ya mji wa Boston ilikuwa hospitali ya umma, na wengi waliotibiwa humo walikuwa maskini. Miongoni mwa watu waliodungwa vitu nururifu walikuwamo wagonjwa wa wodini, na wakati ule hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumtaka mtafiti apate ridhaa yao kwa namna tunayoielewa leo. Kanuni za Nuremberg juu ya majaribio kwa binadamu zilitolewa mwaka 1947. Aidha, Radiamu C haipotei bure, bali ikivunjika huacha kiasi kidogo cha risasi nururifu inayodumu miaka mingi na kupenda kukaa mifupani. Blumgart alijali sumu na aliifikiria, kama masharti yake yanavyoonyesha, na kwa elimu ya siku zake alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Lakini kamati ya leo isingemruhusu. Hatuoni kwamba kusema hivyo kwampunguzia heshima. Twaona kwamba kutosema kungewapunguzia heshima waliokinyosha mkono.

Mwaka 1928 Blumgart alihamia hospitali ya Beth Israel, mjini humo humo, akaitumikia hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hospitali hiyo ilianzishwa na Wayahudi wa Boston mwaka 1916, wakati ambapo madaktari Wayahudi walikuwa wakipata shida kuajiriwa kwingineko, na wagonjwa wahamiaji waliosema Kiyidishi hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza katika lugha yao. Mwalimu ye yote wa lugha aliyewahi kumsindikiza mzee wa kijijini hadi kwa daktari asiyejua lugha ya mzee huyo ataelewa kwa nini watu walichanga fedha zao kujenga hospitali. (Tangu mwaka 1996 imeunganishwa na hospitali nyingine, na jina lake limerefuka.)

Hapo Beth Israel likatokea jaribio lake kubwa ambalo halikudumu. Fikira yake ilitokana moja kwa moja na vile vipimo vya mwendo wa damu. Kama tezi ya shingo ikizembea damu hupunguza mwendo na mwili huhitaji kidogo, basi mgonjwa ambaye moyo wake umechoka si angepata nafuu akiondolewa tezi hiyo, hata kama tezi yenyewe haina kasoro? Mwaka 1933, pamoja na daktari Samuel Levine na mpasuaji David Berlin, alitoa taarifa ya wagonjwa waliokatwa tezi nzima kwa ajili ya moyo. Wengine walipata nafuu ya kweli. Waliokuwa hawawezi kutembea hatua chache bila maumivu ya kifua wakaweza. Gharama yake ilikuwa baridi isiyokwisha, uvimbe wa uso, uzito wa mwili na wa fikira, ambavyo madaktari walijaribu kuvipunguza kwa vipimo vidogo vya dawa ya tezi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili iodini nururifu ilianza kupatikana, na kwa kuwa tezi hiyo huivuta iodini kuliko kiungo kingine cho chote, kisu hakikuhitajika tena. Mgonjwa alikunywa iodini, nayo ikaiharibu tezi taratibu. Mwaka 1955 Blumgart na wenzake walitoa muhtasari wa matokeo ya wagonjwa 1,070 waliotibiwa hivyo katika hospitali mbalimbali. Kisha miaka ya 1960 ikaleta dawa za kuupunguzia moyo kazi bila kugusa tezi, na upasuaji wa kuipitishia damu njia mpya ukafuata, na ule utaratibu wote ukaachwa. Je, alikosea? Kwa maoni yetu, alitumia daraja lililokuwapo mpaka likajengwa jingine. Waliovuka kwa daraja lile la kwanza walivuka.

Kazi iliyodumu zaidi aliifanya kwa mioyo ya wafu. Mwenzake Monroe Schlesinger alivumbua njia ya kudunga ateri za moyo uliotolewa kwa marehemu ute wenye rangi uliochanganywa na risasi, kisha kuukata na kuukunjua moyo mpaka ukalala bapa kama mkeka, ukapigwa picha ya eksirei. Mishipa yote ikaonekana kwa mara moja. Mwaka 1940 Blumgart, Schlesinger na Davis walizilinganisha picha hizo na maelezo ambayo wagonjwa wenyewe waliyatoa wakiwa hai. Walikuta kwamba ateri kubwa ya moyo yaweza kuziba kabisa na msuli usife, maadam ziba hilo lilikuja polepole. Kumbe barabara kuu ikifungwa kidogo kidogo, damu hupanua vichochoro. Walikuta pia kwamba wale waliolalamika maumivu ya kifua wakati wa kutembea walikuwa, karibu wote, na ateri angalau moja kubwa iliyoziba. Malalamiko yao hayakuwa ya kubuni. Paul Zoll, ambaye mwaka 1952 alipata sifa kwa kuuendesha moyo kwa umeme, alilelewa katika kundi hili la watafiti.

Mengine tuyapitie upesi. Wakati wa vita alikuwa mshauri wa udaktari wa jeshi la Marekani katika eneo la China, Burma na India. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1965 alikuwa mhariri wa Circulation, jarida kubwa la magonjwa ya moyo. Mwaka 1964 alichapisha makala juu ya kumtunza mgonjwa, karibu kwa jina lile lile ambalo mkubwa wake Peabody aliliupa mhadhara wake miaka 40 hivi kabla. Mtu aliyetumia ujana wake kutafuta chombo kisichotegemea maneno ya mgonjwa alirudi uzeeni kuwaambia madaktari wakae wasikilize.

Wakati huo chombo nacho kilikuwa kimekua. Mwaka 1948 Myron Prinzmetal na wenzake, huko California, waliweka kipima mionzi kifuani wakachora mstari wa damu ikiingia na kutoka moyoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hal Anger, wa California pia, alitengeneza kamera inayoona mionzi ya eneo zima kwa pamoja, na maabara ya Brookhaven ikapata njia ya kuzipelekea hospitali tekineti, ambayo nusu yake huvunjika kwa saa 6. Mwaka 1971 Strauss, Zaret na wenzao waliiunganisha kamera na mapigo ya moyo yenyewe, ili picha ichukuliwe moyo ukiwa umejaa na tena ukiwa umejikaza, na nguvu yake ikahesabiwa. Katikati ya miaka hiyo ikaja thaliamu, inayoonyesha ni sehemu gani ya msuli inakosa damu. Blumgart alifariki mwaka 1977, akiwa ameishi kuona picha za moyo hai zenye kuonyesha kile ambacho yeye na Schlesinger waliweza kukiona kwa kuukunjua moyo wa marehemu tu.

Limebaki jambo moja la darasani. Kile kitu kinachodungwa ili kifuatwe, tukiiteje? Wanafunzi wetu walipendekeza "mpelelezi", lakini wengine wakasema mpelelezi ni mtu, tena mwenye nia yake. Mmoja alitoa "kifuatishi", mwingine "kifuatilizi", na yule wa "dawa ya nyuklia" akashikilia "njuga", baada ya kusikia mfano wetu wa ng'ombe. Kura zilipopigwa kifuatilizi kilishinda kwa kura 2. Wasomaji walio na neno bora, au waliolisikia kwa wauguzi na madaktari wa kwao, watuandikie kwa anwani ya jarida hili.